Ute Ukeni Wakati wa Ujauzito: Upi wa Kawaida, Upi wa Kukupeleka Hospitali

Lipo swali ambalo wajawazito wengi huliuliza wakiwa wameshainuka kitini, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango wa mkunga: "Halafu samahani, kuna vitu vinanitoka huko chini. Ni kawaida?"

Vitu. Neno hilo limebeba ute mweupe usio na neno, maji ya chupa iliyopasuka, damu na uchafu wa fangasi, vyote kwa mpigo. Mkunga aliyesikia "vitu" bado hajasikia kitu. Ataanza kukuhoji: rangi gani, tangu lini, unawashwa? Na wewe uliyekuwa unaona aibu hata kutazama, utajibu kwa kubahatisha.

Mwongozo huu una kusudi moja: ufike kwake ukiwa na maelezo. Sikufundishi kujitambulia ugonjwa kwa rangi, kwa sababu rangi hudanganya. Mhudumu mwenye miaka mingi kazini akitegemea macho peke yake hukosea, ndiyo maana kuna vipimo. Kazi yako ni kuujua mwili wako kiasi cha kuweza kusema: "Huu si ule niliouzoea. Umebadilika hivi na hivi, tangu siku fulani."

Yasiyosubiri usomaji

Ikiwa sasa hivi unatokwa na damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au damu yoyote pamoja na maumivu ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia, funga ukurasa huu uende hospitali. Vilevile ikiwa maji yanakutoka na mimba haijafika wiki 37, ikiwa maji hayo ni ya kijani au kahawia, ikiwa una homa huku ute unanuka, au ikiwa mtoto uliyezoea kucheza kwake amepunguza au ametulia. Na ukihisi kitu kama kamba laini kimetokeza ukeni baada ya maji kumwagika, huo huenda ni mshipa wa kitovu cha mtoto. Usiusukume ndani. Piga magoti na viwiko sakafuni, makalio yawe juu kuliko kichwa, na mtu mwingine aite gari la wagonjwa mara moja.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kaa tusome taratibu.

Hatua ya 1: Ujue ute wako kabla haujabadilika

Ute kuongezeka ni jambo la kutarajiwa katika ujauzito, na kwa wengine huanza mapema kabisa. Homoni ya estrojeni hupanda, damu inayopita katika nyonga huwa nyingi zaidi, na tezi za shingo ya kizazi hufanya kazi kuliko zamani. Juu ya hapo, seli za ukuta wa uke huwa zinajimenya na kujiotesha upya. Vyote hivyo vikichanganyika ndiyo unaona unyevu ambao haukuwepo kabla ya mimba. Wingi huo huzidi kadiri miezi inavyosonga, na wiki za mwisho unaweza kulazimika kubadilisha chupi katikati ya siku.

Unyevu huo ni ulinzi. Ndani ya seli za uke kuna sukari iliyohifadhiwa. Bakteria wema waitwao laktobasili huigeuza kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo huufanya uke uwe mchachu, kwa kawaida pH (kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa) 3.8 hadi 4.5, kiwango ambacho vijidudu vingi waharibifu hawakipendi. Ndiyo maana ute mzima huwa na harufu nyepesi ya uchachu. Ukiwa na chupi nyeusi zilizopauka sehemu ya katikati kama zimemwagiwa jiki, ujue ni asidi hiyo hiyo, wala si ugonjwa.

Ute wa kawaida basi ukoje? Huwa hauna rangi, au ni mweupe kama maziwa. Huwa mwepesi, au unavutika kidogo kama ute wa yai. Hauwashi, hauchomi, hauleti maumivu wakati wa kukojoa wala wa tendo la ndoa. Ukikauka kwenye nguo huacha alama ya manjano hafifu, na hapo ndipo wengi wanapotishika bure: wamevua chupi jioni, wameona manjano, wameanza kuhesabu magonjwa. Tazama ute ungali mbichi. Rangi ya ute uliokauka haisemi mengi.

Hatua ya 2: Tazama kwa mambo matano, asubuhi na jioni

Chagua chupi nyeupe za pamba, au pedi nyepesi isiyo na manukato wala rangi. Kwa wiki moja, tazama asubuhi na jioni tu. Anayechungulia kila akienda msalani hujitia wasiwasi bila kuongeza maarifa, maana ute hubadilika saa hata saa kwa jinsi ulivyokaa, ulivyotembea na ulivyokunywa maji.

Mambo yenyewe ni rangi, uzito, harufu, wingi, na wenzake. "Wenzake" ninamaanisha dalili zinazoandamana na ute: muwasho, kuungua, uvimbe au wekundu wa mashavu ya uke, maumivu chini ya tumbo, homa, mgongo kukaza. La tano hili ndilo zito kuliko yote manne. Ute mwingi peke yake mara nyingi si neno, lakini ute mchache unaokwenda pamoja na maumivu ya chini ya tumbo ni habari nyingine.

Andika neno moja au mawili kwenye simu: "Jumanne, mweupe, mwepesi, hakuna harufu." Baada ya siku saba utakuwa na kipimo chako mwenyewe, na kipimo hicho kina faida kuliko picha yoyote ya mwili wa mtu mwingine.

Kuna vitu viwili vinavyovuruga usomaji. Kimoja ni shahawa. Siku inayofuata tendo la ndoa bila kondomu, majimaji meupe yanayotoka huenda si yako kabisa, na harufu yake ni tofauti. Cha pili ni dawa za kuweka ukeni, ambazo huyeyuka na kutoka kama chengachenga nyeupe kwa siku kadhaa. Ukiwa unatumia dawa hizo, subiri umalize ndipo uhukumu.

Hatua ya 3: Ute ukibadilika

Tuanze na fangasi, maana ndiyo inayojulikana sana na pia inayosingiziwa sana. Ute wake ni mweupe, mzito, wa mabongebonge kama maziwa yaliyokatika, nao hushikamana na kuta za uke. Mara nyingi hauna harufu ya kutisha. Kinachoutambulisha ni muwasho: muwasho wa kukosesha usingizi, wekundu, mkojo kuunguza unapogusa ngozi iliyochubuka. Ujauzito wenyewe huwapa fangasi nafasi, na mwenye kisukari au aliyetoka kumeza antibaiotiki yuko karibu zaidi nao. Kwa hiyo fangasi wakirudi mara kwa mara katika mimba moja, uliza kama kipimo cha sukari kimefanyika.

Fangasi ukeni hawajulikani kumdhuru mtoto tumboni, ila ni adha kubwa. Matibabu yanayopendelewa kwa mjamzito ni ya kuweka pale pale, kama krimu au vidonge vya ukeni vya klotrimazoli, kwa kawaida kwa siku 7. Vidonge vya kumeza vya flukonazoli, ambavyo mtu asiye na mimba hupewa kimoja akapona, huepukwa katika ujauzito, hasa miezi mitatu ya kwanza. Ukienda duka la dawa, neno lako la kwanza liwe "nina mimba". Usingoje kuulizwa, kwani tumbo la wiki nane halionekani. Na ukipewa kifaa cha kusukumia dawa, uliza namna ya kukitumia ukiwa mjamzito. Wengi huelekezwa kuweka kidonge kwa kidole kisafi.

Sasa, si kila muwasho ni fangasi. Mtu huwashwa, hununua dawa ya fangasi, hutumia, haponi, hununua nyingine ya jina tofauti lenye kitu kile kile ndani, na wiki tano zinapita huku tatizo la kweli likiwa ni bakteria au trikomona, kijidudu cha zinaa. Ukitibiwa mara moja na dalili zisiishe, acha kununua. Nenda ukapimwe.

Tatizo la bakteria, ambalo wataalamu huliita vaginosisi, hutokea pale laktobasili wanapopungua na bakteria wengine kujaa nafasi yao. Ute wake ni mwepesi, wa kijivu au mweupe uliofifia, na una harufu ya shombo ya samaki, ambayo huzidi baada ya tendo la ndoa. Muwasho ni kidogo au haupo. Wanawake wengi hawana dalili yoyote. Hili si jambo la uchafu, ijapokuwa harufu humfanya mtu ajione mchafu na aanze kujiosha ndani kwa sabuni, na kwa kufanya hivyo huwamaliza laktobasili waliobaki. Linahusishwa na uwezekano mkubwa zaidi wa uchungu kuanza kabla ya wakati, kwa hiyo mwenye dalili anastahili kutibiwa. Dawa inayotumika sana ni metronidazoli, ambayo wajawazito hupewa pia, kwa kipimo atakachokupangia anayekutibu.

Ute wa manjano au wa kijani, hasa ukiwa na povu na harufu kali, huelekeza kwenye trikomona. Huwasha, huchoma, na tendo la ndoa huuma. Huu ni ugonjwa wa zinaa, na pia hutibiwa kwa metronidazoli, lakini ukitibiwa peke yako umefanya kazi nusu. Mwenzako naye anywe dawa, hata kama hana dalili, na msikutane mpaka wote mmemaliza na dalili zimekwisha.

Kisonono na klamidia nazo huweza kuleta ute wa usaha, damu baada ya tendo la ndoa au mkojo wa kuunguza. Ila mara nyingi kwa mwanamke hazileti dalili yoyote, na hapo ndipo ilipo hatari. Mtoto anaweza kuzipata anapopita njia ya uzazi: kisonono humpa maambukizi makali ya macho yanayoweza kumpofusha, na klamidia huweza kumletea ugonjwa wa macho na nimonia. Zote mbili zinatibika ukiwa mjamzito, ila si kwa dawa yoyote ile. Doksisaiklini, kwa mfano, huepukwa. Kidonda, lengelenge au kipele kinachouma sehemu za siri kisikae hata siku moja bila kuonyeshwa, uwe na ute au usiwe nao, maana malengelenge ya zinaa na kaswende zote humhusu mtoto.

Hatua ya 4: Damu ina kanuni yake

Kanuni ni fupi: damu yoyote katika ujauzito, hata tone, hutolewa taarifa. Tofauti ni ya haraka tu, yaani unakwenda sasa hivi au unapiga simu na kwenda leo.

Matone mepesi ya waridi au kahawia mwanzoni mwa mimba huwapata wengi, na wengi wao huendelea vizuri hadi kujifungua. Kahawia ni damu ya zamani iliyochelewa kutoka. Tone baada ya tendo la ndoa au baada ya kupimwa ndani laweza kutoka kwenye shingo ya kizazi, ambayo wakati huu imejaa mishipa na huvuja kwa kuguswa kidogo. Lakini damu hiyo hiyo nyepesi, ikija na maumivu ya upande mmoja wa chini ya tumbo, maumivu ya ncha ya bega, au kuishiwa nguvu, katika wiki za mwanzo, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo ni dharura ya kuua. Damu inayozidi, pamoja na mikazo ya tumbo na mabonge, inaweza kuwa mimba inayoharibika.

Baada ya nusu ya ujauzito, picha inabadilika. Damu nyekundu mbichi isiyo na maumivu hata kidogo humdanganya mtu kuwa haina shida, kumbe huenda kondo la nyuma limekaa chini na kufunika mlango wa kizazi. Mwenye damu ya namna hiyo hapaswi kupimwa kwa vidole ukeni mpaka kipimo cha ultrasaundi kionyeshe kondo liko wapi. Ukijua kondo lako liko chini, liseme neno hilo mlangoni kabisa, kabla hata ya jina lako. Kinyume chake ni damu, pengine kidogo tu, na tumbo lililokaza gumu kama ubao, linalouma bila kuachia. Hapo kondo huenda limebanduka, na dakika zina thamani.

Kama kundi lako la damu ni hasi, yaani A, B, AB au O yenye alama ya kutoa, mkumbushe anayekuhudumia. Baada ya kutokwa na damu huenda ukahitaji sindano ya anti-D, ya kuuzuia mwili wako usijenge kinga dhidi ya damu ya mtoto, na inafaa itolewe ndani ya saa 72. Kundi lako limeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Lisome leo.

Hatua ya 5: Ni maji, mkojo au ute?

Hapa ndipo hata mwenye watoto watatu huchanganyikiwa. Filamu zimetufundisha kuwa chupa hupasuka kwa kishindo, maji yakatapakaa sakafuni. Wakati mwingine ndivyo. Mara nyingine chupa huchanika juu, na maji huchirizika kidogo kidogo kwa saa au siku, mama akidhani ni mkojo, maana mtoto anakandamiza kibofu na kila anapopiga chafya kitu hutoka.

Fanya hivi. Nenda msalani ukojoe mpaka kibofu kiwe tupu. Jikaushe vizuri. Vaa pedi safi, kavu, isiyo na manukato, na si kisodo cha kuingiza ndani. Kisha lala chini kwa nusu saa hivi, halafu inuka, tembea, kohoa. Tazama pedi.

Mkojo una harufu yake unayoijua, una manjano, na unaweza kujaribu kuubana. Ute huacha utelezi juu ya pedi, hauzami ndani sana. Maji ya uzazi huilowesha pedi, ni meupe kama maji au yana manjano hafifu, hayanuki mkojo (wengi husema yana harufu ya utamu kidogo au hayana kabisa), na hayabaniki hata ukikaza vipi. Dalili yenye nguvu ni ile ya kulala kisha kuinuka: maji yaliyokusanyika ukeni ukiwa umelala humwagika ghafla ukisimama.

Jaribio hili ni la kukusaidia kueleza, si la kukutuliza. Pedi ikilowa, nenda. Ikiwa huna uhakika, nenda pia, na uchukue pedi yenyewe ndani ya mfuko. Usione haya, wakunga wameona mengi, na pedi ile huwapa habari ambayo maneno hayatoi. Kuanzia unapohisi huenda ni maji, usiingize chochote ukeni: si kidole, si kisodo, si tendo la ndoa. Chupa ikishafunguka, njia ya vijidudu kumfikia mtoto nayo imefunguka.

Hospitali watakuchunguza kwa spekulamu, kifaa cha kupanua uke, waone kama maji yanakusanyika. Wanaweza kutumia karatasi ya nitrazini. Maji ya uzazi si machachu kama uke, pH yake ni kama 7.0 hadi 7.5, kwa hiyo karatasi hugeuka bluu. Lakini damu na shahawa pia huigeuza bluu, na ndiyo maana wanakuuliza mlikutana lini. Jibu ukweli. Wengine huacha tone likauke kwenye kioo na kulitazama kwa darubini: chumvi zilizomo hujichora kama matawi ya majani.

Ikithibitika ni maji na wiki 37 hazijatimia, kwa kawaida utalazwa. Utapewa antibaiotiki, joto lako na mapigo ya moyo wa mtoto vitafuatiliwa, na kama mtoto bado ni mchanga sana utachomwa sindano za kukomaza mapafu yake. Kukaa nyumbani ukisikilizia "labda yatakata" ni kumnyima nafasi hiyo.

Hatua ya 6: Unapokwenda kliniki

Usioge ukeni wala usipake chochote kabla ya kwenda, hata kama aibu inakusukuma. Ute uliooshwa haupimiki. Sema mambo yako matano, sema ulianza lini, sema dawa ulizokwisha kutumia, hata zile ulizopewa na shoga yako, na kama ulikutana na mumeo siku mbili hizi. Kisha nyamaza umwache akuulize.

Atakachofanya ni kuchunguza na kuchukua sampuli kwa kijiti cha pamba. Uchunguzi wa spekulamu hauharibu mimba. Huenda ukaona tone la damu baadaye, basi. Sampuli huangaliwa kwa darubini: fangasi huonekana kama vijinyuzi, trikomona huonekana wakiogelea. Mkojo nao utapimwa, kwa sababu mkojo wa kuunguza si lazima utoke ukeni. Maambukizi ya njia ya mkojo ni mengi kwa wajawazito, na yasipotibiwa hupanda hadi figo.

Ukipewa dawa, imalize hata kama muwasho umekoma siku ya pili. Ikiwa ilikuwa klamidia, utahitaji kupimwa tena baada ya wiki kama nne kuhakikisha umepona, na tena baadaye, maana kurudiwa ni rahisi kama mwenzako hakutibiwa. Mazungumzo ya kumwambia mwenzako ni magumu. Sina njia ya kuyarahisisha, ila unaweza kumwomba mhudumu ayafanye mbele yenu wote wawili.

Ya nyumbani, kwa ufupi

Osha kwa nje tu, kwa maji, au sabuni isiyo na manukato. Kidole hakiingii ndani, wala maji ya kupuliza, wala limau, siki, kitunguu saumu, au mvuke wa majani. Uke hujisafisha wenyewe, na huo ute unaolalamikia ndio sabuni yake. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa pamba isiyobana, lala bila chupi ukipenda, badilisha pedi nyepesi kila inapolowa. Manukato ya sehemu za siri yaache dukani.

Hatua ya 7: Wiki za mwisho

Kuanzia wiki ya 37 hivi, kuna siku utaona bonge la ute zito, linalovutika kama mlenda, la wazi, la manjano, au lenye michirizi ya waridi na kahawia. Hicho ni kizibo cha ute kilichokaa kwenye shingo ya kizazi muda wote wa mimba kuzuia vijidudu kupanda. Kwa wengine hutoka kizima na kumshtua mwenyewe, kwa wengine hutoka vipande vipande bila kujulikana. Hakimaanishi kwamba ukimbie na begi. Uchungu unaweza kuanza baada ya saa chache, siku kadhaa, au hata wiki moja na zaidi. Michirizi ya damu ndani ya ute hapa ni ya kawaida. Damu inayotiririka kama ya hedhi si ya kawaida, na kanuni ya hatua ya 4 bado iko pale pale.

Kizibo hicho hicho kikitoka kabla ya wiki 37, au ute ukabadilika ghafla ukawa wa majimaji au wa damu huku mgongo unakaza na nyonga inasukumwa chini, hiyo yaweza kuwa dalili ya uchungu wa mapema. Nenda siku hiyo hiyo.

Na chupa ikipasuka katika wiki za haki, yaani 37 na kuendelea, tazama saa uiandike. Tazama rangi. Maji meupe au ya manjano hafifu ni sawa, na ya kijani au kahawia yana kinyesi cha kwanza cha mtoto, hivyo safari ni ya haraka. Angalia kama mtoto bado anacheza. Vaa pedi safi, kisha mpigie mkunga au nenda hata kama huna maumivu yoyote. Wengi uchungu huwaanza ndani ya saa 24, lakini ni vyema saa hizo zihesabiwe na mtu anayejua la kufanya zikizidi. Atakapopokea simu, usimwambie kuna vitu vinatoka. Mwambie: "Maji, meupe, tangu saa tisa usiku, wiki ya 39, mtoto anacheza."